Nilishindanisha Mawazo ya Ofisini Kama Ngoma

Kosa ni langu, na sitaki mtu anipunguzie. Nimeshaambiwa "ulikuwa na nia njema", nimeshaambiwa "kazini mambo hayo yapo". Nia njema niliyokuwa nayo niliichanganya na ujanja, na ujanja huo ndio ninaouandikia leo. Nina hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Nilimaliza chuo kikuu nikarudi nyumbani, Bariadi. Nafanya kazi kwenye kampuni ndogo inayowaunganisha wafugaji na daktari wa mifugo. Ng'ombe akiugua, mwenyewe anapiga namba yetu, nasi tunamtuma daktari. Kazi yangu ni kupanga njia anayopita huyo mpigaji: asikie nini kwanza, abonyeze wapi, aongee na nani. Pale ofisini niliyesomea mambo hayo ni mimi peke yangu.

Na mimi ni mtu wa kubisha. Chuoni nilibishana na wahadhiri, nyumbani nabishana na baba, na kwenye kwaya nilishaombwa ninyamaze kidogo. Kwa hiyo nilipoanza kazi nilikataa kuamua peke yangu. Kwa nini mtu mmoja awapangie wote? Nilitaka kila mtu achangie: Milembe anayeshughulika na wapigaji, Kulwa mhasibu, daktari mwenyewe, hata bosi.

Nikawagawia karatasi. Nikasema wachore jinsi wanavyoona mpigaji ahudumiwe.

Hakuna aliyechora. "Mtaalamu si wewe?" Kulwa akasema. "Mimi nikichora ng'ombe utadhani kiti." Daktari akatoka nje kupokea simu ambayo hata haikuita. Nikajaribu tena wiki iliyofuata, ikawa vilevile.

Ndipo likanijia wazo nililoliona la akili sana. Huku kwetu kila mtu anawajua Wagika na Wagalu, makundi mawili ya ngoma yanayocheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja. Kundi linalovuta watu wengi ndilo limeshinda. Na ili uwavute watu, unawaimba wapinzani wako: unawataja kwa majina, unawacheka wanavyotembea, unawacheka wanavyoongea. Nikajiambia, watu hawa wanaoona haya kushika kalamu, wakiwa uwanjani hawana haya hata kidogo.

Nikagawa ofisi pande mbili. Milembe na daktari wakawa Wagika. Kulwa na bosi wakawa Wagalu. Kila upande uchore njia yake, michoro ibandikwe kwenye kuta mbili zinazotazamana, tuwaite majirani wa vyumba vya biashara tunavyopakana navyo, na mchoro wa ukuta utakaojaza watu ndio utakaotengenezwa.

Mimi nilipaswa kusimama katikati. Sikusimama.

Niliingia upande wa Kulwa, kwa sababu Kulwa ni mwimbaji na mimi sipendi kushindwa. Tena nilikuwa nimeshapanga kichwani ninachokitaka: mpigaji asikie sauti inayomtajia dalili, abonyeze namba ya dalili aliyoiona, na simu za hatari ziende moja kwa moja kwa daktari. Dalili zisizo za hatari aache ujumbe, Milembe ampigie kesho yake asubuhi. Nilimwongoza Kulwa polepole mpaka akaamini kwamba hilo ni wazo lake. Kisha nikauchukua mchoro wao nikaunyoosha kwa mkono wangu mimi, mtu niliyesomea kuchora.

Milembe alichora kwake nyumbani, jioni, kwa penseli za watoto wake. Alichora simu yenye sikio kubwa. Maana yake ilikuwa moja: mpigaji apokelewe na mtu, aulizwe yuko wapi na ameona nini, basi. Kando ya mchoro wangu, ule wake ulionekana kama kazi ya chekechea. Nililiona hilo kabla majirani hawajaingia, na nilifurahi.

Siku ya mashindano ofisi ilijaa. Fundi cherehani alikuja, wauza vocha walikuja, mama wa chai akaja na wateja wake. Milembe akaanza kueleza: "Mimi naongea nao kila siku. Mtu ana wasiwasi, hasubiri hadi mwisho. Akisikia la kwanza linafanana na la kwake, anabonyeza."

Hakumaliza. Kulwa alianza kuimba.

Wimbo ule niliutunga mimi. Milembe akiwa kwenye simu, mtandao ukisumbua, huwa anarudia "upo wapi, upo wapi". Nikatunga kwa Kisukuma, maana kwa Kisukuma inauma zaidi, hapa natafsiri tu: Milembe upo wapi, upo wapi Milembe, ng'ombe kashapona, wewe bado unaita. Kulwa aliuimba huku ameshika kiatu sikioni. Watu walicheka mpaka mama wa chai akakaa chini. Wote wakahamia ukuta wetu. Hata daktari, ambaye alikuwa upande wa Milembe, akaja kusimama kwetu akijifuta machozi ya kicheko.

Milembe naye alicheka. Alibandua karatasi yake, akaikunja, akairudisha kwenye mkoba.

Katika watu wale wote, hakuna aliyekuwa na ng'ombe mgonjwa siku ile. Mimi ninayehoji kila kitu sikulihoji hilo. Nilikuwa nashangiliwa.

Bosi alipenda sana. Kila mgeni akija anaambiwa, "Hapa kwetu kila mtu ni mbunifu." Nilikuwa nikisikia hivyo nanyoosha shingo.

Mvua za kulimia zikaanza. Asubuhi moja akaingia mzee kutoka Mwandoya, nimwite Mzee Maduhu. Alikuwa na tope hadi magotini na hakutaka kiti.

"Mwangaluka, baba," Milembe akamsalimu.

"Mwangaluka. Nani ametengeneza hiki kidude cha simu?"

Akaeleza akiwa amesimama. Maksai wake, mmoja wa wale wawili wanaovuta jembe, aligoma kula jioni. Akapiga namba yetu. Sauti ikasema bonyeza moja kama mnyama hataki kula. Kweli alikuwa hataki kula, akabonyeza moja. Hakusikia tena kwamba mbele kuna namba ya mnyama anayehema kwa shida, na maksai wake alikuwa anahema kwa shida. Akaambiwa aache ujumbe. Milembe alipompigia asubuhi, maksai alikuwa ameshakufa.

"Mnaniambia nichague ugonjwa," mzee akasema. "Ningekuwa naujua, ningewapigia ninyi? Sasa huyu aliyebaki nimfunge jembe na nani? Na mke wangu?"

Hakuna aliyecheka.

Bosi akaingia na sauti yake ya kupokea wageni. "Mzee, pole sana. Huduma hii ilitengenezwa na timu nzima. Kila mmoja hapa alishiriki."

Mzee akamgeukia Milembe, kwa kuwa sauti yake ndiyo aliyoizoea kwenye simu. "Hata wewe, binti? Wewe unayejua tunavyohangaika?"

Nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka pale. Mdomo ninao. Ninaotumia kubishana na kila mtu.

"Ndiyo, baba," Milembe akasema. "Utusamehe."

Nilinyamaza. Hilo ndilo kosa lenyewe, kubwa kuliko wimbo na kuliko mchoro. Niliitisha ushiriki ili mawazo yawe ya wote, na lawama ilipokuja nikaiacha iwe ya wote pia, ikatua kwa mtu pekee aliyekuwa ameipinga njia ile.

Mchana nilimfuata Milembe nje. Nikamwambia nisamehe. Akasema yameisha. Mimi na ubishi wangu nikaendelea. "Ulikuwa unapokea ujumbe ule kila asubuhi. Uliona wanakosea namba?"

"Tangu wiki ya kwanza."

"Sasa mbona hukusema, dada?"

Akanitazama kama mtu anayeangalia mtoto aliyevunja chungu na kuuliza nani kavunja. "Niseme wapi? Nibandike tena ukutani, mniimbe?"

Nimelifikiria jibu lile mpaka limenichosha. Kwenye ngoma, kundi lililoimbwa vibaya lina haki ya kujibu. Linarudi nyumbani, linatunga, msimu ujao linawapiga ninyi vibaya zaidi. Mimi nilichukua haki ya kucheka, haki ya kujibu nikaiacha uwanjani. Milembe hakuwa na msimu ujao. Alikuwa na meza, simu, na watu wanaomwimbia "upo wapi" akipita kwenda chooni.

Nilimweleza bosi ukweli wote, kwamba njia ile ilikuwa yangu tangu mwanzo na mashindano yalikuwa kiini macho. Akaniambia nisijilaumu, timu ndiyo iliyoamua. Nilimjibu vibaya, na sijutii. Tukaiondoa ile orodha ya dalili. Siku hizi kabla ya kutengeneza chochote tunakwenda mnadani, tunampa simu mfugaji, tunamwangalia anavyohangaika nayo. Sisemi mchoro wa Milembe ungefaa. Huenda watu kumi wakipiga pamoja ungekwama. Sijui, kwa sababu hatukuujaribu. Tuliucheka tu.

Kwenye kozi za mtandaoni wanafundisha kwamba hakuna wazo baya. Waongo. Mawazo mabaya yapo, na la kwangu lilipendeza kuliko yote.

Ninyi mnaopenda kuwaita wenzenu "wachangie", na najua mpo wengi, msiwaite kama mmeshaamua. Fanyeni peke yenu, mkikosea mlaumiwe peke yenu, ndiyo heshima. Na mkiwaita kweli, jiulizeni kwanza mtamfanya nini yule atakayesema jambo msilolipenda. Kama jibu ni kumcheka, mwacheni aendelee na kazi yake.

Mzee Maduhu hajapiga tena. Milembe bado yupo, ananisalimia kila asubuhi, ananiulizia hali ya mama. Lakini nikimpelekea mpango mpya na kumwomba auangalie, anauangalia wote, mwanzo hadi mwisho, kisha ananirudishia karatasi na kusema, "Sawa tu."