Makaratasi ya Baba Niliyoyatoa Begini

Siku moja, mwanangu nisiyekuzaa, haijaniacha mpaka leo ninapozeekea hapa Cedar Hill. Nilikuwa kwetu Voi, nafunga safari ya kuja kusoma Texas. Baba yangu, mwalimu mstaafu, alikuwa akitunga mashairi, na ya wenzake akiyasahihisha kwa wino mwekundu. Akaniletea furushi la mashairi yake.

"Nenda nayo, mama. Hapa mchwa watayamaliza."

Nikaitikia vizuri tu. Lakini begi lilipopimwa pale nyumbani, kilo zikazidi. Unatujua sisi na mabegi yetu! Unadhani nilitoa nini? Si unga, wala majani ya chai. Nilitoa makaratasi ya Baba, nikayasukuma nyuma ya mlango wa stoo. Ujana ni moshi, ukienda haurudi, ila upumbavu wake hubaki, loo!

Chuoni Fort Worth nikapata kibarua maktabani, kupanga makaratasi ya mshairi mmoja Mwingereza, marehemu, aliyewahi pia kuwa mhariri wa jarida. Masanduku tele! Barua, beti alizozifuta, hata kikaratasi cha kumwambia muuza maziwa asilete kesho. Vyote tulivishika taratibu, tukiwa tumenawa mikono. Siku nilipokuta shairi la mtu mwingine alilolisahihisha kwa wino mwekundu, machozi yalinitoka. Nikatoka nje, nikampigia Baba simu nikamwuliza makaratasi yake yako wapi.

"Mchwa walishayala, mama. Nilipoyakuta stoo yameshaliwa, nilijiambia umeyasahau."

"Ndiyo, Baba, nilisahau."

Nilimdanganya, mwanangu. Kisha nikamwomba anisomee aliyoyahifadhi kichwani, niandike.

"Ya kichwani yamekwisha," akasema. "Ndiyo maana niliyaandika."

Akaniuliza kama nakula vizuri. Alifariki kabla sijamwambia kweli, na hilo linaniuma kuliko hata mashairi yenyewe. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu haniachi.

Basi nisikilize. Usingoje wageni wakuonyeshe thamani ya cha kwenu. Mzee wako akikukabidhi kitu chake, kaa chini kwanza, mwulize ni nini, akusimulie. Na ukimkosea, usimwachie akutafutie udhuru. Mwambie mwenyewe, hata kama sauti inatetemeka. Kama mama yako yu hai, mpigie leo. Mungu akupe ujasiri ambao mimi niliukosa, na akujalie uwakute wazazi wako wangali wanasikia.