Jicho la Wifi

Jina la Mama Vitufe lilitokana na vidole vyake, ambavyo havikujua kutulia. Hata mezani, akisubiri chai ipoe, vilibonyezabonyeza kitambaa cha meza kana kwamba ndani yake kuna mtu anayengoja jibu. Zamani alikuwa mpiga chapa ofisini. Sasa alitunga mchezo wa kompyuta katika chumba cha nyuma, pamoja na wifi yake, dada wa mumewe, ambaye alichora kuta, ngazi na samani zote za nyumba ya mchezo huo.

Nyumba ilipendeza; kuitembelea ndiko kulikokuwa balaa. Mchezaji alipaswa kuona kila kitu kama yumo humo mwenyewe. Mwili wake, usioonekana, uliendeshwa na injini ya fizikia, ile sehemu ya programu inayojua uzito, kusukumwa na kuanguka. Mama Vitufe alikuwa ameifunga kamera kwenye mwili huo kama mzigo kwenye baiskeli. Mwili ukigonga kabati, kamera inabiringika nao. Dari inashuka, sakafu inapanda, na wifi anakimbilia bafuni.

"Leo mwisho," wifi alisema asubuhi hiyo akiwa mlangoni, mkono mmoja tumboni, mwingine umeshika kikombe cha chai. "Nikitapika tena, utafute mchoraji mwenye tumbo la chuma."

"Tumbo lako ndilo lina matatizo, si kazi yangu."

"Tumbo hili limevumilia mapishi yako miaka yote. Usilisingizie!"

Mama Vitufe alicheka, lakini tishio lile lilimwingia. Bila mkono wa wifi, nyumba ile ingebaki mifupa mitupu. Akainuka ghafla kwenda kunywa maji, na mlangoni akamkumba wifi bega kwa bega. Wifi akapepesuka, chai ikamwagika, mgongo ukagonga mlango. Ila macho! Macho hayakuyumba hata chembe. Yalimganda Mama Vitufe usoni, makali kama wembe mpya.

"Usiliondoe jicho hilo!"

"Umeniunguza, halafu unanipangia nikutazameje?"

"Nimekusukuma, mwili umekwenda, jicho limebaki! Shingo, wifi! Nimemnyima mchezaji shingo!"

Akarudi kwenye kompyuta nusura apindue kiti. Vidole vikamiminika kama mvua juu ya bati. Mwili akauacha mikononi mwa injini: iusukume, iurushe, iudondoshe, ila isiupindue. Kamera akaifungua kutoka mwilini; ikawa inafuata tu mahali mwili ulipo, taratibu, na kugeuka kukawa haki ya mkono ulioshika kipanya, basi.

"Haya. Keti."

Wifi akaketi, beseni miguuni. Akatembea. Akagonga kabati, kabati likatikisika, chumba kikatulia. Akaruka kutoka juu ya ngazi hadi chini, akaguta kwa furaha kama mtoto kwenye bembea. Mama Vitufe hakutazama skrini. Alitazama midomo ya wifi, akingoja ipauke. Haikupauka.

Kisha wifi akainua macho ya mchezo juu, kwa mara ya kwanza bila kizunguzungu.

"Nani kachora dari hii?"

"Wewe."

"Muongo! Mbao zimepinda hivi? Miezi yote unaniacha na aibu hii kichwani?"

"Hukuwahi kukaa humo ukaiona."

Wifi akalisukuma beseni kwa mguu, akavuta kiti karibu na meza.

"Nipe kalamu yangu ya kuchorea. Na usimkaribishe mtu humu mpaka nimalize."