Maneno Ambayo Mzee wa Kijapani Alikuja Kuyatafuta

Nilipewa kibarua cha ukalimani kwa sababu Kiingereza hakinipigi chenga sana. Mgeni wangu alikuwa mzee wa Kijapani, mwandishi wa filamu na tamthilia za televisheni. Nilimpokea Musoma nikidhani atataka nimpeleke Butiama, kwenye kaburi la Baba wa Taifa, akapige picha, kama wageni wengine. Akasema anataka Kiriba, kijiji kisicho na cha kupiga picha, nikaboreka mapema.

Garini alinisimulia kazi yake. Alianza kwa kuwachemshia chai waigizaji, akaja kuandika filamu, kisha akahamia televisheni, na kilichompa jina ni vipande vya watu wakikata roho. Nchi nzima ilikuwa ikilia, alisema, bila majivuno. Nikamchokoza: anajuaje mtu husema nini akifa? Akajibu kwamba hajui, anabuni tu.

Ndipo akaniambia kilichomleta. Binti yake alijitolea kufundisha hesabu Kiriba, akaugua homa, na gari la kumpeleka hospitali likakwama kwenye tope. Alifia mikononi mwa mama aliyekuwa akiishi naye. Mzee alitaka maneno yake ya mwisho. Hamu ya utani ikaniisha.

Mama yule alitutolea viti uani, akaomba radhi kwamba samaki aliyempata, sato, ni mdogo. Nikamuuliza maneno hayo. Alifuta mikono kwenye kanga muda mrefu.

"Aliongea sana," akasema. "Ila Kiswahili kilikuwa kimeshamtoka. Alikuwa anaongea cha kwao."

Mzee akamsihi ajaribu hata sauti zake tu. Mama akafumba macho, akafungua kinywa, ikatoka nusu ya kitu, akaacha. Akajaribu tena, akaanza kulia kwa hasira, akisema angejua angeshika hata neno moja. Mzee alikuwa ameinama mbele, macho kwenye midomo ya mama. Mimi, mkalimani wa kulipwa, sikuwa na cha kufasiri. Nilitamani nimtungie mzee sentensi moja, lakini yeye ndiye fundi wa sentensi hizo, angeitambua palepale. Niliwaonea huruma wote wawili, na sikuwa na msaada wowote.

Nikamwambia mama kwamba mzee huyu ni mwandishi, labda atayaandika maneno hayo mwenyewe.

"Basi mwambie aandike na majibu," akasema. "Maana nilikuwaga namwitikia. Akisema, nasema ndiyo mwanangu. Akisema tena, nasema ndiyo."

Nikatafsiri. Mzee akauliza, polepole, kama binti yake alikuwa akisikia. Nikauliza.

Mama akanitazama mimi, si yeye, akasema hajui.