Betri ya Kumrudishia Mdogo Wangu

Betri ya pikapu yangu ilikufa uani kwa shemeji yangu, Mgogoni, mchana kweupe, na kwa sababu hiyo mdogo wangu wa kike akapoteza jino na mtoto siku moja. Nasema mapema, maana watu wakinisikia nikiapa kwamba betri kuukuu siitaki hata ya bure, hudhani najigamba. Aisifuye mvua imemnyea.

Mdogo wangu huyo alikuwa ameolewa na mkulima wa ndizi na mihogo, mtu wa sauti laini mbele za watu na mkono mzito nyuma ya mlango. Kila alipozidiwa alikimbilia kwetu, uso umevimba, na kila mara baba alimrudisha. Baba si mtu mbaya. Ni mtu wa zamani, anayeamini kwamba kila nyumba ina moshi wake na kwamba mke hakimbii nyumba kwa sababu ya kibao. Mdogo wangu alipomfunulia mgongo aone, baba alitazama ukutani akamwambia avute subira. Mimi nilitaka kwenda kumvunja yule mtu mbavu. Hasira zangu zinakaa karibu na mikono, na mama hudai nilizaliwa nimekunja ngumi.

Siku hiyo alinipigia simu nikiwa sokoni Konde nashusha ndizi. Alinong'ona kwamba mumewe amekwenda shamba, nije sasa hivi. Nikaenda mbio, nikaegesha mlangoni kwake na kuzima gari, ili majirani wasije kuuliza linangurumia nini. Alitoka na furushi la nguo, mwanawe kiunoni, kitoto cha kiume ambacho hakijaacha ziwa bado. Wakapanda. Nikazungusha ufunguo, stata ikasema tik, kisha kimya. Nikazungusha tena. Tik.

Betri ile niliinunua kwa mvuvi wa Kisiwa Panza aliyekuwa akiwashia taa za kuvutia dagaa. Betri ya kazi hiyo hunyonywa mpaka mwisho, ikachajiwa, ikanyonywa tena, hata madini yake ya risasi ya ndani yakalika. Kwa nje inang'aa, na ukiipima unaambiwa imejaa. Lakini stata inataka nguvu nyingi kwa mkupuo mmoja, na mkupuo huo haumo tena. Nusu ya magari ya shamba kwetu yanatembea kwa betri za namna hii, na siku nyingi yanatembea vizuri tu.

Shemeji alitokea kwenye migomba ameshika mpini wa jembe. Nani alimwita sijui mpaka leo. Pigo la kwanza lilivunja kioo cha mbele, vipande vikatumwagikia mapajani. La pili lilinipata begani nikifungua mlango, mkono mzima ukafa ganzi. Nikamrukia kwa mkono uliobaki, nikampiga pua, damu ikamtoka, nikafurahi. Nasema kweli, nilifurahi sana. Lakini mwenye mpini alikuwa yeye. Alinilaza chini kwa pigo la mgongo, akazunguka upande wa pili, akamvuta mdogo wangu kwa mtandio mpaka nje, akampokonya mtoto kwa mkono mmoja na kumpiga ngumi ya mdomo kwa mkono wa pili. Nilisikia jino likivunjika. Mtoto alilia kwa sauti ambayo sikujua mtoto mdogo anaweza kuitoa.

Hapo ndipo majirani walipokuja, wale wale ambao miaka yote hawakuingilia mambo ya watu. Wanaume wakamkumbatia shemeji asitufikie. Wanawake wakatupakia garini na kutusukuma kwenye mteremko mpaka gari likashika. Mtoto alibaki mikononi mwa baba yake. Mdogo wangu alitaka kuruka, mwanamke mmoja akauzuia mlango kwa mgongo wake huku akilia na yeye.

Nyumbani siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Shemeji alileta salamu kwamba anayemtaka mtoto njia anaijua, na arudi kwa mumewe. Mdogo wangu alikuwa akiingia chooni kukamua maziwa na kuyamwaga, kifua kimekuwa jiwe, homa imempanda. Mimi nilitafuta panga, mama akalificha. Kisha shemeji akaja mwenyewe na wazee wawili, pua bado imevimba, akaapa kwamba shetani alimpitia na hatarudia tena. Baba akampa mkono. Wakakubaliana siku ya kumrudisha.

Kwetu mke aliyesusa harudi kwa miguu wala kwa gari la abiria. Hurudishwa na watu wake, amevaa kanga mpya, amefukizwa udi, sinia la chakula limefunikwa kawa, ili mume aone kwamba huyu ana kwao. Kwa hiyo baba aliniamuru nitafute betri, pikapu ipone, nimpeleke mdogo wangu kwa heshima. Nikamjibu kwamba nitaitia moto pikapu kabla ya kumpelekea yule mwanamume mtu wa kumpiga. Tulipandishiana sauti mpaka mama akafunga madirisha.

Aliyenimaliza ni mdogo wangu mwenyewe. Alitoka chumbani akaniambia ninunue betri, na kwamba atakuja nami Konde kuichagua. Nilimwita punda anayependa kigongo. Akaenda kuvaa baibui.

Mwenye duka la vipuri pale Konde ni mzee mzito wa kuinuka, asiyependa maneno mengi. Alituwekea betri tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa ya mtumba, imepakwa rangi ikapakika. Nilipoinamia vichwa vyake, pale nyaya zinapofungwa, niliona mikwaruzo ya spana chini ya rangi, nikamwambia aiondoe kabla sijaitupa barabarani. Ya pili ilikuwa mpya, ya kutia maji, rahisi. Ya tatu ilikuwa mpya, iliyozibwa kabisa, na bei yake nayo ilikuwa ya kuziba masikio.

Mdogo wangu alizinyanyua zote mbili kwa mikono yake, moja baada ya nyingine, ajue ipi nzito. Kisha akauliza ni ipi ambayo haikatai. Mwenye duka akacheka, akasema hakuna betri isiyokataa siku yake ikifika. Mdogo wangu hakucheka. Alipofungua mdomo kuuliza tena, yule mzee akaliona pengo jekundu na uvimbe chini ya mtandio. Akaacha kucheka akainuka.

Alizigeuza betri akatuonyesha alama ya mwezi zilipotengenezwa. Alisema betri huchoka hata ikikaa dukani bila kazi, ndiyo maana hainunuliwi kwa kutazamwa usoni. Akaleta kipimo chenye vibanio, kinachoifanyia betri kama stata inavyoifanyia. Ile rahisi ilikaa vizuri kidogo, halafu mshale ukaporomoka. Ile ya tatu mshale ulitikisika, ukasimama palepale. Rahisi ghali, akasema, na kwa mkono wake akaichukua ile ya tatu mpaka kwenye pikapu. Alikwangua kutu kwenye nyaya mpaka shaba ikaonekana, akakaza, akapima kama gari lenyewe linaichaji.

Mdogo wangu alimuuliza, gari likizimwa, likakaa kidogo, likiwashwa litapiga mara ya kwanza? Mwenye duka akasema mara ya kwanza. Hakuridhika. Alinifanya niwashe na kuzima, niwashe na kuzima, pale pale barabarani, mpaka watu wa sokoni wakaanza kututazama. Nilikuwa nimejaa hasira mpaka kooni. Tulipotoka mjini ndipo alipofungua mdomo.

"Mie sirudi kwa mume, kaka. Namfata mwanangu. Baba hajui, na usimwambie."

Nikataka kusema kitu, akanizuia.

"Wee siku hiyo usishuke garini. Kazi yako kuwasha tu."

"Na akikupiga?"

"Hata akinipiga."

Sikuwahi kupewa kazi ngumu kama ile. Kupigana nakujua.

Siku iliyokubaliwa tulifika Mgogoni alasiri, mimi, baba na mdogo wangu. Shemeji alikuwa barazani amevaa kanzu nyeupe, kahawa tayari, uso umejaa tabasamu. Nilizima gari, kwani mgeni wa heshima haachi gari likinguruma mlangoni. Baba alishuka na sinia, akakaribishwa kwenye mkeka. Mdogo wangu aliamkia kwa adabu, akaingia ndani akinukia udi. Mimi nikabaki nyuma ya usukani, nikisema nyonga inaniuma. Niliwasikia wakizungumzia karafuu na mvua. Nilikuwa na hamu ya kumshika yule mtu koo, nikashika usukani.

Alitoka kwa mlango wa ubavuni, mtoto kifuani, bila furushi safari hii. Hakukimbia. Alitembea mpaka kwenye gari, akapanda, akafunga mlango.

Shemeji akainuka. Baba naye akainuka, hajafahamu bado, akasimama mbele yake na kiganja mbele, akimwambia angoje, mambo yazungumzwe. Shemeji alimpiga ngumi ya taya. Hakumtazama hata usoni, alimpiga tu kwa vile alikuwa njiani. Baba alianguka juu ya sinia, wali ukatapakaa mkekani, kofia ikabiringika mpaka uani. Alipojaribu kuinuka alipigwa teke la mbavu, akaanguka tena.

Mlango wangu nilikuwa nimeshaufungua.

"Washa," mdogo wangu akasema.

"Baba yule pale chini."

"Namuona. Washa."

Nilizungusha ufunguo na gari likapiga palepale. Shemeji alikuwa ameshafika, mkono mmoja umeshika kioo cha pembeni, wa pili umeingia dirishani umekamata nywele za mdogo wangu. Mdogo wangu alimuuma. Aliumanisha meno yaliyobaki kwenye kifundo cha mkono mpaka yule mtu akapiga ukelele. Niliachia klachi. Alikimbia na sisi hatua chache, kioo kikang'oka kikabaki mkononi mwake, naye akaenda chini kwa uso. Nikafurahi tena, na sitaki kusema uongo, furaha ile ninayo mpaka sasa. Kwenye kioo cha upande wangu niliwaona majirani wakimwinua baba. Nililia njia nzima mpaka Konde, nikiendesha.

Baba aliletwa kwa bodaboda kabla ya magharibi. Kanzu imechanika, taya limevimba mpaka midomo haikutani, anapumua kwa kujishika mbavu. Mama alipiga kite. Mimi nilimsubiri anigombeze, nimemwacha baba yangu chini kwenye wali nikaondoka, na kama angenipiga bakora ningemwinamia.

Hakunitazama. Alikwenda kukaa mbele ya mdogo wangu, ambaye alikuwa kitini amempakata mwanawe. Alimtazama usoni, kwenye pengo la jino, kwenye nyusi iliyopasuka mwaka wa kwanza wa ndoa, kwenye vidole viwili visivyonyooka.

"Kumbe ndivo apigavyo," akasema.

Mdogo wangu alimpa mama mtoto, akaenda kuchemsha maji, akayatia chumvi, akaja kumkanda baba taya.