Leylo na Msichana wa Katuni Aliyeendesha Lori

Leylo Warsame ana miaka arobaini na mmoja, na kwa miaka kumi na minane amekuwa akishusha viazi kwa lori kutoka Timau hadi sokoni Meru. Lori lilikuwa la marehemu baba yake. Kaka zake wawili walipendelea duka. Yeye ndiye aliyetaka usukani. Watu wa Majengo, mtaani kwao, walisema mpaka wakachoka. Siku hizi ukiuliza kwa Leylo, mtoto yeyote atakujibu, "Yule wa lori?" halafu akufikishe mlangoni.

Chumba cha nyuma pale kwao alikuwa amekipanga msichana anayeitwa Nkirote. Kazi yake ni kuchora. Yeye na wenzake wanne walikuwa wamekodi vyumba viwili mjini, wakitengeneza filamu fupi ya katuni. Jumapili moja asubuhi alitoka na kompyuta yake, akamkuta Leylo akiosha lori.

"Anti, nataka uone kitu. Lakini usinicheke."

Leylo akapangusa mikono, wakakaa kwenye ngazi. Kwenye skrini akaona msichana wa katuni aitwaye Kiende akiendesha lori mlimani, kiuno chembamba kama cha nyigu, kucha ndefu, nywele zikipepea. Kwenye mteremko breki zikakatika. Kiende akacheka, akakata kona kwa mkono mmoja, akarusha lori juu ya mto na kutua ng'ambo. "La hasha!" akasema. "Mimi sishindwi kamwe!"

Leylo akamrudishia kompyuta.

"Umechora vizuri. Lakini huyu hajawahi kuendesha lori."

"Si ni katuni, Anti. Kwenye katuni hata ng'ombe huruka."

"Wacha aruke, hiyo si shida. Shida ni kwamba hakuna kitu anaogopa kupoteza. Sasa mimi nitamwogopea nini?"

Nkirote alitoa kalamu. Ndipo Leylo akamsimulia jambo ambalo hata nyumbani alikuwa amelisema nusu tu. Miaka sita iliyopita, akiwa na magunia sabini, breki zilimkataa kwenye mteremko baada ya Subuiga. Mbele yake kulikuwa na wanafunzi wakivuka barabara. Alipiga honi bila kuachilia, akalazimisha gia ndogo mpaka injini ikalia, kisha akalipeleka lori kwenye ukingo wa udongo kando ya shamba la ngano. Lilisimama limeinama. Wanafunzi wote walikuwa salama. Yeye alishuka, akaketi kwenye nyasi akalia kwa sauti kama mtoto. Alipomaliza kulia alipanda juu, akaanza kukaza kamba za turubai upya, kwa sababu mvua ilikuwa inakuja.

"Hapo kwa kulia," Nkirote akauliza, "naweza kuweka?"

"Weka. Ndiyo sehemu ya ukweli."

Mwongozaji wa filamu hiyo, Njeru, kijana mrefu kutoka Runyenjes, hakukubali. Alimwambia Leylo kwa heshima kwamba watoto wanataka shujaa asiye na woga. Leylo hakubishana naye.

"Kesho naenda Timau. Kuja twende."

Njeru alikwenda. Asubuhi aliona Leylo akiegemea blanketi lililokunjwa mara nne ili miguu ifikie pedali vizuri. Aliona pia mkono wake wa kulia, ule wa dirishani, ulivyochomwa na jua kuliko wa kushoto. Wakati wa kurudi, lori likiwa limejaa, Leylo alisimama kabla ya mteremko ule ule, akashuka, akagusa kila gurudumu, akavuta kila kamba. Alirudi akasema Bismillahi na kuteremka polepole kwa gia ndogo. Njeru ndiye aliyekuwa anatokwa na jasho. Walipofika chini, Leylo akamimina chai ya maziwa kutoka kwenye thamosi.

"Bado unaogopa pale?" Njeru akauliza.

"Kila siku. Siku nikiacha kuogopa pale, nitampa mtu mwingine hili lori."

Njeru alirudi ofisini akafuta dakika tatu za filamu.

Walichora upya kwa miezi mitano. Kiende akapata mabega, kucha fupi, na mkono mmoja mweusi kuliko mwingine. Lori bado liliruka mto, kwa maana Nkirote alikataa kabisa kuiondoa sehemu hiyo, na Leylo alikuwa upande wake. Kikabaki kitu kimoja, sauti. Walikuwa wamerekodi mwigizaji kutoka Nairobi, mwenye Kiswahili kilichonyooka kama cha taarifa ya habari. Nkirote alimwomba Leylo ajaribu. Alirudia mara kumi na moja, shati likaloa mgongoni. Pale pa "La hasha" alisema tu, "Haya, wacha tuone," na Njeru akazima mashine akasema imetosha.

Filamu ilionyeshwa Jumamosi mchana katika ukumbi mmoja mjini Meru. Wanafunzi walijaa mpaka sakafuni. Kiende akaketi kwenye nyasi akalia, kisha akainuka kukaza kamba. Msichana mmoja wa mstari wa nyuma akamwambia mwenzake, "Anatetemeka, lakini ameenda kufunga kamba." Leylo, aliyekuwa nyuma kabisa, alisikia maneno hayo. Alisimama wima, hakujali tena nani anamtazama. Taa zilipowashwa Nkirote akamtaja jina, na ukumbi mzima ukageuka kumpigia makofi. Alipunga mkono kama anavyopungia madereva wenzake barabarani.

Mama yake, Mako, au Hooyo kama Leylo anavyomwita, alikuwa kiti cha pembeni. Tangu mumewe afariki hakuwahi kupanda lori lile, wala hakuwahi kuuliza habari za safari. Sasa alikuwa akimwambia kila anayepita, "Ile sauti ni ya binti yangu." Walipotoka nje alimshika Leylo mkono.

"Jumatatu unaondoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja alfajiri, Hooyo. Kwani kuna nini?"

"Niamshe. Nataka kuiona hiyo Timau."