Kiganja cha Mama Keekee

King'ora cha kiwandani hakijalia, lakini Mama Keekee ameshapanda ndani ya basi lisilo na viti. Amepiga magoti karibu na mlango, spana mkononi, jasho linamtoka na kazi yenyewe haijaanza.

Anatafuta bolti moja. Hajui ni ipi.

Jina hilo alilipata kwa kutoboa. Miaka mingi ametoboa bodi za mabasi kwa keekee, kisha anapitisha kiganja juu ya tundu kusikia kama kuna makali yaliyobaki. "Jicho linadanganya," anasema. "Kiganja hakidanganyi."

Sasa keekee zimefungiwa stoo. Wakubwa wameleta bolti za kubandika: chini zina kisahani, unakipaka gundi, unakandamiza kwenye bati, unasubiri ishike. Bati halitobolewi, kutu haipati pa kuanzia. Kitu kizuri, nani amebisha? Ila mafunzo yalikuwa ya asubuhi moja, na aliyefundisha alikuwa anatazama saa. Gundi wameinunua, subira ya kumfundisha mtu hawakununua.

Sharti kubwa la gundi hiyo: bati likishafutwa, lisiguswe kwa mkono mtupu. Mafuta ya ngozi yanatosha kuiharibu.

Mazoea yana taabu. Jana jioni, akifuta meza nyumbani, Mama Keekee aliona kiganja chake kinateleza juu ya ubao, akaganda. Mchana ule alikuwa amevua glavu, akapapasa bati kama zamani, kisha akabandika bolti palepale; ni ipi katika safu, hakumbuki. Na bolti za safu ile ndizo zinazobeba bomba la mlangoni, wanaloshika abiria waliosimama.

"Chakula hakikupita," anasema. "Binti yangu ananiuliza, mama unaumwa? Nikamwambia, naumwa mkono."

Anamweleza msimamizi, kijana wa umri wa mwanawe.

"Mama, hiyo imeshakauka. Basi linatakiwa leo."

"Kukauka siyo kushika, baba. Hata tope hukauka."

"Sasa ofisi ya juu wakiniuliza, niseme nini?"

"Waambie washuke waje waning'inie."

Mchomeleaji wa upande wa pili anadakia: "Mama Keekee bila keekee ni mama nani? Mama Gundi!" Wenzake wanaangua kicheko. Yeye hacheki.

Anakaza spana. Bolti ya kwanza inagoma kubanduka. Ya pili inagoma. Inayofuata inabanduka kama gamba la kidonda kilichopona. Gundi yote imebaki kwenye kisahani. Bati liko safi.

Kicheko kinakatika. Msimamizi anapanda ngazi, anarudi na jibu la wakubwa: safu yote ijaribiwe upya, na mwenye kosa asubiri uamuzi.

Mwenye kosa! Aliyefundisha huku anatazama saa hasubiri uamuzi wa mtu.

Mama Keekee anarudi kwenye safu, anaweka spana kwenye bolti inayofuata. Kuanzia leo, anasema, hata meza ya nyumbani ataifuta na glavu, mpaka mkono usahau. "Umenilisha huu. Sasa naufunza adabu."

Kama atabakizwa kazini, hajui. Mpango alionao hauhitaji ruhusa ya ofisi.

"Siku basi hili litakapotoka, nitapanda. Hata viti viwe vitupu, nitasimama. Nitashika bomba lilelile, kwa kiganja hikihiki."