Nilivyopanda Mlima Nikiwa Kasokola

Jamani, nyie chekeni tu. Mke wangu na watoto wanaishi Moshi, mimi kazi imeniweka Mpanda. Mwaka ule wa tisini na kitu tulipanga likizo, tupande mlimani wote, watoto waguse theluji kwa mara ya kwanza. Siku ya safari nilizunguka ofisi nzima nikiaga, sweta zito la mtumba mwilini, mpaka treni ikaniacha. Hadi ije nyingine, wenzangu wangekuwa wameshashuka mlimani. Kurudi ofisini nikaona aibu. Nikajificha Kasokola, kijijini nje kidogo ya Mpanda, wiki mbili, nasonga ugali wa mtu mmoja.

Likizo ilipoisha nikarudi na hadithi: baridi ilivyotuuma, watoto walivyonirushia theluji. Kisha ikaja bahasha kutoka Moshi. Nikaifungua mbele ya watu kwa mbwembwe. Ilikuwa picha ya mke wangu na watoto wawili kwenye theluji.

“Mbona wewe haumo?” akauliza Mama Neema, mpiga chapa wetu.

“Sasa unadhani nani alipiga?”

Akaigeuza, akasoma kwa sauti mwandiko wa binti yangu: “Baba, hapo katikati tumekuachia nafasi yako.”

Nikangoja wacheke. Hakucheka mtu.